Maswali na Majibu: Ukoo wa Washington, kutoka Durham hadi Virginia

Wiki iliyopita niliandika kuhusu nasaba ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kwa upande wa baba: jinsi inavyofuatwa kutoka kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 12 hadi kwa mlowezi John Washington, aliyefika Virginia mwaka 1657. Maswali yamekuwa mengi. Najibu haya leo.

Jina la Washington lilianzia wapi? Ni jina la mtu au la mahali? (Msomaji, Morogoro)

La mahali. Kuna kijiji kiitwacho Washington kaskazini-mashariki mwa Uingereza, katika eneo lililokuwa chini ya Askofu wa Durham. Mwaka 1183 Askofu Hugh de Puiset aliamuru mali zake zote ziorodheshwe, na humo ndimo anamotajwa William de Hertburn. Ameachia kijiji cha Hertburn akapewa Washington, isipokuwa kanisa na ardhi ya kanisa. Kwa mwaka atamlipa askofu pauni 4, na askofu akitoka kwenda kwenye windo kubwa, William atafuatana naye na mbwa wanne.

Baada ya kuhama, William akaanza kuitwa kwa kijiji chake kipya. Enzi hizo jina la ukoo lilikuwa bado halijatulia kwa Waingereza wengi, mtu alitambulishwa kwa alikokaa. Kwa hiyo anayetafuta akina Washington kabla ya William anapoteza muda: baba yake hakuitwa hivyo. Wala si kila Washington wa baadaye ni wa ukoo huu, kwa maana mkulima yeyote aliyetoka kijijini hapo angeweza kubeba jina hilohilo.

Kutoka 1183 hadi 1657 ni karibu miaka 500. Nani alikuwa akiandika muda wote huo? (Msomaji, Kisumu)

Ardhi ndiyo iliyoandikisha watu. Mwenye ardhi aliyoishika moja kwa moja chini ya mfalme akifa, ofisa wa mfalme alikuja kuuliza: alikuwa na nini, alikipata kwa nani, mrithi ni nani na ana umri gani? Kesi za mipaka, mahari na kodi nazo ziliacha karatasi. Kwa njia hiyo tunaona tawi moja la ukoo likihamia Lancashire kuelekea mwisho wa karne ya 13, upande wa Carnforth na Warton. Huko John Washington wa Warton alimwoa Margaret Kitson, dada wa Thomas Kitson, mfanyabiashara tajiri wa London. Mtoto wao Lawrence akashika biashara ya sufi, akawa meya wa Northampton mara mbili, 1532 na 1545.

Mfalme Henry VIII alipozivunja nyumba za watawa na kuuza mali zao, Lawrence alikuwa na fedha mkononi. Mwaka 1539 alinunua Sulgrave, iliyokuwa mali ya watawa wa Northampton. Nyumba yake bado ipo, na wageni huitembelea.

Mwaka mmoja kabla, 1538, kila parokia ilikuwa imeagizwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Kuanzia hapo hata fukara ana nafasi ya kuonekana. Kabla ya hapo, asiye na ardhi wala kesi anapotea, na ndiyo maana familia nyingi za Marekani zenye asili ya Uingereza hazivuki karne ya 16, hata zikiajiri mtaalamu.

Shikamoo Mwalimu. Uligusia kwamba mtaalamu mkuu wa nasaba wa Uingereza alikosea kuhusu Washington. Iliwezekanaje? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Hili ndilo swali nililolitamani.

Mwishoni mwa 1791 Sir Isaac Heard, ofisa wa juu wa nembo na nasaba katika College of Arms ya London, alimwandikia Rais Washington kumuuliza asili yake. Washington alijibu Mei 1792 kwamba jambo hilo hakulishughulikia sana. Alijua tu kwamba wazee wake walitoka kaskazini mwa Uingereza, labda Lancashire au Yorkshire, au juu zaidi, hakumbuki vizuri.

Heard akapekua vitabu vyake. Akawakuta ndugu wawili wa ukoo wa Sulgrave, John na Lawrence, majina yaleyale ya ndugu wawili waliohamia Virginia. Umri ulielekea kufaa, akaunganisha. Watu wakalipokea hilo kwa zaidi ya miaka 70, mpaka 1866 Mmarekani Joseph Lemuel Chester, aliyekuwa akiishi London, alipoonyesha kwamba John yule alikuwa Sir John, aliyebaki Uingereza, na Lawrence yule alikuwa kasisi wa Kanisa la Uingereza. Hakuna kati yao aliyevuka bahari. Majina yalilingana, watu walikuwa wengine.

Jibu lilipatikana 1889. Henry F. Waters, aliyetumwa Uingereza na chama cha nasaba cha New England chenye makao Boston, alikuwa akisoma maelfu ya wosia za zamani. Humo akakutana na mzee Andrew Knowling wa Tring, mji mdogo kaskazini-magharibi mwa London. Katika wosia wa 1650 mzee huyu amemwachia ardhi mtoto wake wa ubatizo, Lawrence Washington mdogo, na kuwataja ndugu za mtoto huyo, wakiwemo John na Martha. Mama yao, Amphillis, alikuwa mtoto wa kambo wa mzee huyo. Amphillis alizikwa Tring mapema 1655, na Februari 1656 John, mwanawe, akapewa usimamizi wa mirathi yake. Miezi michache baadaye John akaondoka na meli ya kununua tumbaku, Sea Horse. Ilikwama mchangani katika Mto Potomac mwanzoni mwa 1657, naye akabaki huko na kumwoa Anne Pope, binti wa mwenye mashamba.

Sasa soma wosia wa John mwenyewe, ulioandikwa Virginia mwaka 1675. Anamwachia dada yake Martha pauni 10 kutoka fedha zake zilizoko Uingereza, pamoja na ratili 4,000 za tumbaku. Martha wa Tring, Martha wa Virginia. Hati za pande mbili za bahari zikashikana.

Na mume wa Amphillis alikuwa nani? Ni yule kasisi Lawrence, ambaye Heard alimdhania kuwa ndiye mhamiaji. Bunge lilimfukuza katika parokia yake ya Purleigh, Essex, mwaka 1643, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, akituhumiwa ulevi. Familia ikafukarika, na wana wakaenda kutafuta maisha kwenye tumbaku. Heard alikuwa ameruka kizazi kimoja tu! Daftari la ubatizo wa John halijaonekana hadi leo, lakini kiungo kimesimama kwa sababu ya mirathi ya mama, wosia wa babu wa kambo na zawadi ya dada. Nasaba ya baba hii inayosifiwa sana ilithibitishwa kwa karatasi za wanawake. Kwa hiyo, wasomaji wangu, msiwaache mama, shangazi na wajane nje ya daftari zenu za ukoo.

Nimekuta mtandaoni mti wa ukoo wa Washington unaofika hadi kwa Odin, mungu wa Waskandinavia. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Si kweli. Madai hayo yalichapishwa na Mmarekani Albert Welles mwaka 1879, na watu wanayanakili tu. Kuna waliofanya ubaya zaidi: Gustave Anjou, mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani, alitengeneza wosia na daftari za uongo akawauzia matajiri mababu wasiokuwepo. Alifariki 1942, lakini kazi zake bado zinazunguka. Kila mstari wa mti uulize: hati gani inasema huyu ni mtoto wa huyu?

Kwa nini tarehe nyingine huandikwa miaka miwili, kama 1655/56? (Msomaji, Zanzibar)

Kwa sababu hadi 1752 mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza Machi 25. Februari 1656 kwa hesabu yetu, karani wa wakati ule aliiandika 1655. Ukisahau hilo unaweza kumkuta mtoto kazaliwa kabla ya ndoa ya wazazi wake, ukawasingizia.

Mimi ni Mtanzania, naishi Minneapolis. Mume wangu ni Mmarekani mweusi na jina lake la ukoo ni Washington. Wanangu wananiuliza kama ni damu ya rais. Niwaambieje? (Msomaji, Marekani)

Dada yangu, waambie kwanza kwamba hakuna mtu aliyetoka katika damu ya rais moja kwa moja, kwa sababu George Washington hakuacha mtoto. Ukoo wake wa kiume uliendelea kupitia ndugu zake. Mwaka 2024 wanasayansi walichapisha utafiti wa mabaki ya wajukuu wa mmoja wao, Samuel, yaliyotambuliwa kwa msaada wa kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mwana.

Pili, sensa za Marekani zinaonyesha kwamba takriban 9 kati ya 10 wenye jina hilo ni weusi. Jina na damu ni vitu viwili. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia, anaeleza kwamba alijipa jina hilo mwenyewe siku mwalimu alipoita majina darasani. Wengine walichukua jina la mwenye shamba. Na wapo waliozaliwa na wenye mashamba, kwa mama zao ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Kipimo cha kromosomu Y kwa mume wako kinaweza kuonyesha kama mstari wake wa kiume ulitoka Afrika au Ulaya. Mzungumze kwanza kama mko tayari kwa jibu lolote.

Kwa karatasi, anzeni na sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika walioachwa huru kwa majina yao. Zile za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la bwana. Inaumiza kuzisoma. Kati ya 1860 na 1870 tafuteni nyaraka za Freedmen's Bureau, idara ya serikali iliyoundwa 1865 kuwasaidia walioachwa huru, zenye mikataba ya kazi na ndoa. Tovuti ya nasaba ya FamilySearch inazo bure mtandaoni. Mkishamjua aliyewamiliki, someni wosia wake na orodha ya mali aliyoacha, kwani humo watu walitajwa kwa jina la kwanza, wakati mwingine mama pamoja na watoto wake. Orodha ya George Washington mwenyewe ya 1799 ina watumwa 317 wa Mount Vernon, shamba lake, na inasema nani ni mke wa nani na nani ni mtoto wa nani.

Niandikie kaunti aliyozaliwa babu wa mume wako na mwaka, hata wa kukisia, nikuelekeze pa kuanzia.