Kizibao cha betri kimetakiwa kirudishwe, naweza kumtumia mzee kule Njombe?

SWALI: Habari za kazi wapendwa. Mimi nipo Minneapolis huku Marekani, kazi yangu ni gudauni la vyakula vya baridi, sasa nilinunua kile kizibao chenye betri mfukoni, ukibonyeza kitufe mgongo unapata moto. Juzi duka wamenitumia imeili eti tuache kukitumia, betri inaweza kuwaka na kampuni inataka zirudishwe. Mbona changu hakijawahi kusumbua? Nilitaka nikiweke kwenye kontena pamoja na mizigo mingine kiende kwa baba Njombe, si mnaijua baridi ya kule mwezi wa sita na wa saba. Au nitoe betri niweke pawabanki yangu tu?

JIBU: Kaka, mzee mtumie blanketi. Hicho kizibao usikitume, na leo hii kichomoe kwenye chaji.

Kutosumbua siyo dalili ya uzima. Betri za lithiamu zikiwa na kasoro ya kiwandani, labda kichembe cha chuma kimebaki ndani au ule utando unaotenganisha pande mbili ni mbovu, inaweza kufanya kazi vizuri tu miezi na miezi halafu siku moja ikapiga shoti ndani kwa ndani, joto linapanda lenyewe, gesi inatoka, moto, na wewe umeivaa ubavuni. Simu ikianza kufuka utaitupa, kizibao kilicho ndani ya koti lenye zipu hadi shingoni utakivua saa ngapi?

Kuhusu kutuma, betri iliyotangazwa kurudishwa hairuhusiwi kwenye ndege, si mkononi si kwenye begi la chini. Kontena nalo linakaa wiki kibao na jua linalipiga. Kukiuza mtandaoni ndo kabisa, sheria ya Marekani inakataza kuuza bidhaa iliyotangazwa kurudishwa (najua kuna mtu alishaanza kupiga picha za kuposti).

Pawabanki inategemea kasoro ipo wapi. Fungua tovuti ya CPSC, ile tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, tafuta jina la kampuni ulinganishe namba ya modeli na ile iliyo kwenye lebo ya ndani, mara nyingi ipo karibu na mfuko wa betri. Kama tatizo ni betri peke yake wanaweza kukupa nyingine, ila kama ni nyaya za kupasha joto hata ukiweka betri gani bado zitakuunguza. Tena vizibao vingi vinatumia volti 7.4 na pawabanki ya kawaida inatoa 5, kwa hiyo usiungeunge.

Wasiliana na kampuni udai pesa au kibadala, wengine wanataka picha ya lebo tu. Betri usiitupe kwenye taka za nyumbani, gari la taka likiibana inawaka. Piga simu kituo cha kaunti cha taka hatarishi uulize kwanza kama wanapokea betri zilizotangazwa kurudishwa, na wakati unasubiri isikae chini ya kitanda wala karibu na mlango wa kutokea.