Ruba kwenye kidole kilichounganishwa: hofu iende panapostahili

Katika kuuguza watu walioshonewa tena vidole vilivyokatika, nimeona wengi wakimwogopa ruba mwenyewe, yule mnyonya damu tunayemweka kwenye kidole. Kuuma kwake ni kidogo, na mara nyingi kidole hicho bado kina ganzi. Macho yako yawe kwenye rangi ya kidole. Kama ngozi yako ni nyeusi, tazama chini ya kucha.

Kidole kikipauka, kikapoa na kunywea, damu haifiki. Hapo ruba hasaidii. Daktari wa upasuaji aitwe papo hapo. Kikiwa cha zambarau na kimevimba, damu inaingia lakini haina pa kutokea, kwa kuwa vena za kidole, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ni laini mno na pengine haikupatikana hata moja ya kushona. Hapo ndipo kazi ya ruba: kuitoa damu iliyokwama.

Ruba hunywa mililita 5 hadi 15 hivi, kisha akishiba hudondoka mwenyewe. Usimvute, meno yake yanaweza kubaki jerahani. Akishatoka, jeraha huendelea kuvuja kwa saa nyingi kutokana na hirudini, kitu kilichomo kwenye mate yake kinachozuia damu kuganda. Ndugu wa mgonjwa wakiona shuka limelowa hutaka kukaza bandeji. Nawasihi, msiiguse. Huko kuvuja ndiko tiba yenyewe, kuliko hata alichokunywa ruba, maana kunakipa kidole nafuu kwa siku kadhaa mpaka vimishipa vipya viote.

Lakini damu inayotoka ni yako. Hemoglobini, kipimo kinachoonyesha kama damu imepungua, ipimwe kila mara. Wapo wanaolazimika kuongezewa damu. Ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mbio, sema. Kujikaza kimya hapa ni hatari.

Tumboni mwa ruba huishi bakteria aitwaye Aeromonas, kwa hiyo antibiotiki huenda sambamba na tiba hii. Meza zote ulizoandikiwa, hata kidole kikipendeza. Wala usidhani ruba wa bwawani atafaa: wa hospitali hufugwa maalumu, Marekani iliwaidhinisha kama kifaa cha tiba mwaka 2004, na kila mmoja hutumika kwa mgonjwa mmoja tu, kisha huuawa.

Sigara hapana, hata ya mgeni aliyekuja kukuona; hubana mishipa. Na ruba hupenda kuhama. Ukimwona ametambaa nje ya kitambaa tulichomzungushia, bonyeza kengele, hata kama ni usiku wa manane.