MX-3 ya V6 hapa Dodoma? Subiri kidogo

Mkuu, umeuliza kama uagize Mazda MX-3 ya V6 uiendeshe hapa Dodoma. Nakuelewa. Silinda sita ndani ya cc 1,845, tena kagari kadogo ka miaka ya 90. Mlio ule siku hizi husikii. Ila kioo cha mbele kikipasuka utasubiri kingine mpaka uchoke, na kwa umri huo kuna ushuru wa uchakavu. Mimi ningetafuta Toyota Altezza AS200 iliyopo tayari nchini: injini ya 1G-FE, silinda sita za mstari, inasukumwa na tairi za nyuma. Milango minne, ndiyo, si miwili kama MX-3, najua utanuna. Fungua boneti kwanza, maana kuna Altezza nyingine, RS200, ambayo ni silinda nne. Na mkanda wa taimingi ubadilishe kabla hujaipandisha mlima Nyang'oro kwenda Iringa.