Kobalti na kisima cha jirani

Lubumbashi

Mwanangu Kabwe,

Unaniambia kwamba katika ofisi ya manunuzi ya kampuni ya magari unakofanya kazi, wakubwa wako wanataka kuacha kununua kobalti, madini ya betri za magari ya umeme, kutoka kwetu Katanga, Kongo, kwa sababu ya habari za watoto wanaoonekana migodini, nawe unauliza ukubali au upinge.

Nianze na gareji, kwa kuwa ndiyo biashara ninayoijua. Kwa miaka mingi nilimwaga mafuta machafu ya injini katika shimo nyuma ya ukuta, na daftari langu lilionyesha faida nzuri. Siku moja mama jirani alileta ndoo ya maji ya kisima chake, yenye utando wa rangi kama upinde wa mvua. Hakunigombeza, aliitua mlangoni, akaondoka. Gharama ilikuwapo tangu mwanzo, ila mlipaji alikuwa yeye. Tangu hapo mafuta yanaingia kwenye pipa, na gharama ya pipa naihesabu kabla sijamtajia mteja bei.

Bei ya kobalti mnayoletewa ina kasoro hiyohiyo. Mwaka 2019 BMW ilitangaza kwamba kwa magari yake mapya ya umeme ingenunua kobalti moja kwa moja kutoka Australia na Moroko. Kwa kampuni inayoogopa lawama, naelewa. Lakini shimo la mchimbaji wa Kolwezi, mji wetu wa migodi, halikuimarishwa kwa uamuzi huo, na madini yake bado yanahitaji mnunuzi, hata yule asiyeuliza maswali. Wengine wamehamia betri za lithiamu, chuma na fosfati, zisizotumia kobalti kabisa. Kama sababu ni bei, sina neno. Wakisema ni kwa kutuhurumia sisi, hapo nacheka kidogo.

Sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inadai kwamba, kuanzia Februari 2027, betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya mtandaoni ya taarifa za betri, zikiwamo za upatikanaji wa madini yake. Kwa hiyo suala la asili ya madini halifai kuachiwa watu wa matangazo walipambe mwishoni mwa mwaka. Linapaswa kuwa mezani siku ileile mnapolinganisha wauzaji.

Basi pinga, lakini usiende mikono mitupu. Pendekeza mkataba wa miaka kadhaa, kwa sababu muuzaji mwenye mkataba wa miezi mitatu hawezi kugharimia nguzo za kuzuia udongo usiporomoke, wala kisima safi cha kijiji. Bei ibebe gharama hizo waziwazi, na mkaguzi afike bila kutangazwa. Akitangazwa, watoto huondolewa jana yake. Wakikuambia bei imepanda, waulize ni nani aliyekuwa akiilipa tofauti hiyo mwaka jana.

Niandikie watakachokujibu, hata kama watakataa. Mama yako anakusalimu.

Baba yako