Wadogo zangu wa maabara, andikeni saa

Jana nimekuta tena titi zima lililotolewa kwa kansa limezamishwa kwenye ndoo ya formalini, dawa ya kuhifadhi tishu isioze, halijapasuliwa, fomu haina saa, na intern ananiambia "nitalikata kesho dada". Hapana jamani. Njooni hapa.

1. Andika saa titi lilipotoka mwilini na saa lilipoingia formalini, isizidi saa moja katikati, halafu likae humo masaa 6 hadi 72.

2. Lipasue vipande vya milimita 5 hadi 10 siku hiyohiyo, maana formalini inapenya polepole mno. Hapa mimi niliharibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, Ijumaa jioni, nilitumbukiza titi zima nikakimbilia daladala. Jumatatu nakata, nje pamekauka vizuri, katikati uvimbe umelegea kama ini bichi. Niliona kabisa, nikanyamaza, nikachukua bloku, yaani kipande cha tishu kilichogandishwa kwenye nta, nikaendelea. ER, kipokezi cha homoni ya estrojeni kwenye seli za kansa, ikatoka sifuri. Kontroli ya pembeni, tishu nyingine ya kuhakiki kipimo, ilishika rangi vizuri sana kwa hiyo wote tukaamini, na kwenye bloku niliyochagua hakukuwa na hata kijifereji kimoja cha maziwa cha titi la kawaida, ambacho nacho hushika rangi ya ER, cha kutuonyesha kwamba tishu yenyewe ilishakufa kabla ya antibodi kuifikia. Daktari akasaini hasi. Yule mama hakupewa tamoksifeni, dawa ya kansa yenye ER. Miezi minane baadaye onkolojia wakaomba tupime ile biopsi yake ya sindano ya mwanzo, ER asilimia 90. Tisini! Nilikwenda kumwambia daktari ukweli wa ile Ijumaa huku natetemeka, na mpaka leo nikiona neno "hasi" naanza kwa kuuliza titi lilikaaje kabla sijauliza kansa ikoje.

3. Chagua bloku yenye uvimbe pamoja na vijifereji vya kawaida. Ushaelewa kwa nini.

4. HER2, protini nyingine ya kansa ya titi, ikiwa 2+, yaani jibu la katikati, usiibahatishe, peleka FISH, kipimo cha jeni yake, maana trastuzumabu, dawa ya kansa yenye HER2, inasubiri jibu hilo.

5. Mfupa wenye kansa iliyosambaa ulainishe kwa EDTA, dawa ya kutoa kalsiamu polepole, asidi kali inaua ER.

6. Asilimia 1 tu ya viini vya seli za kansa ikishika rangi, ER ni chanya, kwa hiyo zungusha slaidi yote hata kama njaa inauma. Mnafanya kazi nzuri nyie, nawapenda, ila lile titi la jana nimelipasua mwenyewe saa mbili usiku, na saa ya kutoka mwilini nimeipata kwa nesi wa upasuaji baada ya kumpigia mara tatu. Ilikuwa saa nane na robo mchana. Sasa ipo kwenye fomu.