Soma udongo kabla ya kununua baiskeli: kwa wanaoanza kuendesha nje ya lami Mwanza

Mwendeshaji mpya akinifuata, swali lake la kwanza huwa la baiskeli. Ninunue ipi? Gia ngapi? Tairi gani? Nitayajibu hayo, ila ningependa uanze na udongo. Nimezunguka njia za Ilemela, Magu na Misungwi kwa miaka mingi, na safari zangu zilizoharibika, karibu zote, ziliharibika kwa sababu sikujua nilichokuwa nakanyaga.

Usukumani ardhi imejipanga kwa zamu. Juu kabisa ya kilima kuna majabali ya matale, yale yale yanayoupa mji wetu sura yake. Chini ya majabali unakuta mchanga, ambao Wasukuma wanauita luseni. Ukizidi kushuka unafika itogolo, udongo mgumu wa rangi ya kufifia, mara nyingi mtupu, nyasi za kuhesabika. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ambamo watu wanalima mpunga kwenye majaruba. Ukivuka bonde na kupanda kilima cha pili, unazikuta aina hizo hizo kwa mpangilio wa kinyume. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani kule Tanga, aliupa mpangilio wa namna hii jina mwaka 1935: katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Wakulima wetu walikuwa wameshaipa kila pingili ya mnyororo huo jina lake, na wanajua kipi kinaota wapi. Na wewe jifunze kipi kinapitika lini.

Luseni inachosha, lakini haina hila. Kiangazi inakuwa mchanga mtupu na gurudumu la mbele linataka kukimbia pembeni. Rudisha uzito nyuma, legeza mikono, endelea kukanyaga pedali kwa mwendo ule ule, wala usikate kona ghafla. Ukishika breki ya mbele mchangani umeanguka. Baada ya mvua, luseni inashikana na kuwa njia tamu kuliko zote. Asubuhi ya kufuatia mvua ya usiku, mimi natafuta njia za juu, pembeni mwa majabali.

Itogolo kiangazi ni kama sakafu, na hapo ndipo utajiona bingwa. Ikilowa, maji hayazami, yanatuama juu yake, na tairi linateleza kana kwamba umemwaga sabuni. Punguza mwendo kabla hujaingia, usisubiri mpaka uwe katikati.

Mbuga inahitaji maelezo marefu zaidi. Udongo huu unavimba ukipata maji na kusinyaa ukikauka, ndiyo maana kiangazi unapasuka nyufa zinazoweza kumeza tairi jembamba. Nyayo za ng'ombe walizoacha masika nazo zinakauka zikawa ngumu kama matofali, na kuzipita kwa mwendo wa kasi kunaumiza viganja na mgongo. Lakini hayo ni mateso madogo. Hatari yake ni mvua.

Mwezi Machi mwaka mmoja tuliondoka Kisesa wawili, mvua ilikuwa imenyesha usiku, asubuhi jua likatoka zuri. Juu kilimani njia ilikuwa safi, tukashuka bondeni kwa furaha. Hatukwenda hata mita mia mbili ndani ya mbuga. Tope lilijaza nafasi yote kati ya tairi na foko mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Mwenzangu akalazimisha kukanyaga; kile chombo cha kubadili gia kinachoning'inia nyuma kikabebwa na tope na majani, kikaingia kwenye spoku, kikakatika. Tukabeba baiskeli mabegani. Kila hatua kiatu kinaongezeka uzito. Pembeni tukamkuta mzee akichunga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnatoka wapi na vyuma mabegani?"

"Kisesa, babu. Tuliona jua limetoka, tukadhani njia imekauka."

"Huko juu imekauka. Huku ni mbuga, wajukuu zangu, haikauki kwa jua la asubuhi moja. Pandeni mpaka muukanyage mchanga, ndipo mzunguke."

Nimeifuata kauli hiyo tangu siku ile. Ukiona udongo unaanza kuwa mweusi na unanata kwenye kidole, usiupime kwa baiskeli. Geuka, panda mpaka mchangani, zunguka bonde kwa juu hata kama ni kilomita kumi zaidi. Vuli yetu ni kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Miezi hiyo ramani ya simuni inaweza kukuonyesha njia nzuri kabisa kumbe ni jaruba la mtu. Na kuta za jaruba ni jasho la mwenye shamba, usizivunje kwa tairi.

Sasa baiskeli. Yoyote yenye fremu imara, gia moja nyepesi sana ya kupandia na nafasi ya tairi la milimita 40 hadi 45 inatosha. Wageni wengi wanajaza upepo kupita kiasi, wakizoea lami. Ukiwa na kilo 70 hivi, paundi 35 zinatosha; juu ya hapo baiskeli inarukaruka kwenye ile mikunjo ya barabara iliyojipanga kama bati, na wewe unachoka bure. Beba tyubu mbili, viraka, gundi na pampu. Adui mkubwa hapa ni mbigiri, ule mwiba mdogo wa pembe nyingi unaotambaa pembezoni mwa njia na uwanjani kwa watu. Kabla hujarudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote. Nimeshuhudia mtu akiziba pancha tatu kwa mwiba ule ule mmoja. Zaidi ya hapo, kila senta ina fundi chini ya mti, kwa kuwa baiskeli huku ndiyo inayobeba mahindi, mkaa na wagonjwa. Anaijua kazi. Msalimie, mlipe vizuri.

Muda nao unadanganya. Saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam, ila sisi tuko magharibi zaidi, kwa hiyo jua linachelewa kuchomoza na jua la utosi linakuja karibu saa saba mchana. Anayesema atamaliza kabla ya saa sita ili akwepe jua kali bado atalikuta. Ondoka kunapopambazuka. Tena mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na ukiwa unarudi mjini unaupokea usoni, miguu ikiwa imeshaisha nguvu. Gawanya nguvu zako ukijua hilo. Chakula cha njiani kisikusumbue kichwa: matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga vinakaa mfukoni siku nzima bila kuharibika.

Ukifika ufukweni umelowa jasho, utatamani kuingia majini. Usiingie. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani, konokono wanaobeba kichocho wapo, na vimelea vyake vinapenya ngozi bila kukuumiza. Hata kuosha baiskeli ukiwa umesimama majini hadi magotini kunatosha kuambukizwa. Chota maji kwa ndoo kisimani au bombani. Na karibu na midomo ya mito usikae mpaka giza liingie, viboko hutoka usiku kula majani.

Kwa safari ya kwanza nakushauri ushike njia ya Igombe hadi Kayenze, ziwa likiwa kushoto kwako, halafu urudi ulikotoka. Hakuna mabonde makubwa, watu wapo njia nzima, ukichoka unapata chombo cha kukurudisha. Asubuhi wasalimie wazee kwa "mwangaluka", mchana "mwadila", na uteremke kwenye baiskeli ng'ombe wanapopita. Mtoto anayechunga akishindwa kuwazuia, kosa ni la aliyewatisha. Ukiizoea hiyo, unganisha Kayenze na Nyanguge, urudi kupitia Kisesa, upite Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Bonde la mto Simiyu upande wa Magu liache mpaka kiangazi, na uende na mtu anayelijua.

Msitu wa kweli uko ng'ambo. Panda meli ya kwenda Nansio na baiskeli yako, muda wa saa tatu hivi, kisha uelekee magharibi mwa kisiwa cha Ukerewe kwenye shamba la miti la Rubya. Pitia ofisini kwanza uombe ruhusa, kwa sababu kuna siku wanakata miti na malori yanateremka bila kukuona. Ndani, sindano za misonobari zimefunika njia, tairi halitoi sauti, na ziwa linaonekana vipande vipande katikati ya mashina. Angalia tu saa ya meli ya kurudi kabla hujaingia.