Kupanga apatimenti mji wa chuo: depoziti yangu imerudi yote!

Wadau, mwenye nyumba kanirudishia depoziti yangu yote, ile hela ya dhamana niliyompa wakati naingia, haijapungua hata senti! Na waliopanga kwake kabla yangu walishaniambia nisahau, eti yule mzee hela ikishaingia kwake ndo imeingia. Sasa kila mtu ananiuliza nimefanyaje, nikaona bora niandike mara moja.

Mji mdogo wa chuo unaenda na kalenda ya chuo, na hiyo ndo inapanga kodi kuliko hata uzuri wa nyumba. Chuo kikikaribia kufungua wote mnatafuta kwa wakati mmoja, mwenye nyumba anajua ukikataa yuko mwingine nyuma yako, hapo ubembeleze vipi hapunguzi. Mimi nilienda katikati ya likizo ndefu, mji umelala, vyumba kibao viko tupu, mzee akanipokea kama mkwe. Nikasema rangi imechoka, akapaka. Nikaomba mkataba wa miezi 9, ile ya masomo tu, hapo akagoma, anataka 12. Na hili wengi hamliwazi, miezi 12 maana yake likizo yote unalipia hata kama umerudi kwenu. Basi nikamwambia sawa, ila tuandike kwenye mkataba kwamba likizo naruhusiwa kumweka mtu mwingine. Akaandika huku kanuna. Likizo ilipofika akakaa mwanafunzi wa kozi fupi, kodi akalipa yeye, mimi niko zangu nyumbani nimetulia.

Kilichoniuma ni mwenzangu tuliyepanga naye. Tulisaini mkataba mmoja, majina yote mawili, na mkataba wa hivyo mara nyingi unampa mwenye nyumba haki ya kudai kodi nzima kwa yeyote kati yenu. Katikati ya muhula mwenzangu akahamia kwa mchumba, simu hapokei, meseji anasoma hajibu, sehemu yake nikalipa mimi. Mtu niliyemkopesha mpaka hela ya vitabu jamani! Na mji wenyewe ni barabara moja na maktaba moja, utamkwepa wapi? Tunapishana mlangoni kama hatujuani. Kwa hiyo kama mwenye nyumba anakubali, kila mtu asaini mkataba wake wa chumba chake. Urafiki sio dhamana, naomba mnielewe, urafiki sio dhamana kabisa.

Haya, depoziti. Siku ya kupokea funguo, kabla sijaingiza hata begi, nilirekodi video kila ukuta, chini ya sinki, ndani ya friji, namba za mita ya umeme, doa la zulia, kila kitu, nikamtumia kwa imeili siku hiyohiyo ili tarehe ibaki. Kikiharibika kitu nampigia, halafu namwandikia. Siku ya kutoka mzee akaanza kulinyooshea kidole lile doa, nikamfungulia ile video niliyomtumia siku ya kwanza, akanyamaza. Akahamia kwenye rangi iliyofifia, nikamwambia huo ni uchakavu wa kawaida wa nyumba inayokaliwa na watu, mpangaji halipi. Hapo nilijisikia wakili kabisa!

Vijana mnapenda kulalamika lakini mkataba hamsomi, mnaangalia kama picha zitatoka vizuri. Someni! Ukurasa wa mwisho pia, huko ndo wanaficha notisi ya kuhama, yaani umwambie mapema kiasi gani kabla hujatoka. Na nyumba usiikague mchana tu, pita Ijumaa usiku uone jirani zako wanaishije, maana ukishasaini hizo kelele ni za kwako na mtihani ni wako.

Halafu kuna aliyeniuliza akae karibu na chuo au mbali. Mbali kodi inapungua, ni kweli, ila kwanza ulizia ratiba ya mabasi ya wakati wa likizo, sio ya muhula. Kuna miji chuo kikifunga tu basi la jioni linaondolewa, na kama una kazi ya usiku utarudi kwa mguu.